Watu wa Wino

Niliandika hirizi kumi na tisa nikiwa katika hedhi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii, na nikianza na habari za siasa nitazungukazunguka mpaka nichoke nisilifikie. Kumi na tisa, mchana mmoja, uani kwa baba, Mutsamudu, mwaka ule kisiwa chetu cha Nzwani kilipojitenga na serikali ya Moroni. Moja kati ya hizo ilikuwa ya mdogo wangu.

Baba yangu alikuwa fundi, na kwetu fundi si wa saa wala wa cherehani, ni mwalimu wa dini. Alisoma Unguja ujanani, akarudi na Kiswahili chake na kalamu zake za mwanzi, ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii. Ndiyo aliyonifundishia kushika kalamu. Baadaye alihamia Majunga, kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini, na huko ndiko tulikozaliwa sisi, mpaka watu wa mji ule walipotugeuka sisi watu wa visiwani wakatuua mitaani. Mama alibaki kule, kazikwa na wengine wasiojulikana. Sisi wengine tulirudishwa visiwani, na wenyeji wakatubandika jina la shirika la ndege lililotuleta, kama mizigo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mgongoni nilimfunga mdogo wangu, ambaye kutembea kwenyewe alikuwa bado anayumba. Nilimlea mimi, nikamwogesha, nikamlisha, nikampiga alipostahili. Watu huniambia nilimpenda kama mwanangu. Kama mwanangu nini? Alikuwa mwanangu.

Nilipoolewa nilihamia Moroni, mtaa wa Magoudjou, nikapata meza sokoni Volo Volo. Nilikuwa nikiuza shiromani, zile nguo nyekundu na nyeupe za wanawake wa Nzwani. Kisiwa kilipojitenga, nguo zangu zikawa zinanitangaza kabla sijafungua kinywa. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yangu akaniambia, "Nyinyi si mmetukataa? Si mnamtaka Mfaransa? Peleka nguo zako kwake." Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilimrushia kitambaa usoni. Mwenzangu wa meza ya jirani, Mngazidja, mwenyeji wa kisiwa kile cha Moroni, mama mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa askari wa serikali, ndiye aliyenishika mikono. Akaninong'oneza, "Mwanangu kaambiwa afunge mzigo wake. Wanapelekwa Nzwani. Kama una mtu kule, nenda kamtoe."

Basi nikaenda. Nataka lieleweke: sikwenda kupigania chochote. Sikuwa na bendera. Nilikwenda Mutsamudu kumchukua mdogo wangu nirudi naye Magoudjou, hata kama ni kwa kumvuta sikio.

Nilikuta mji umechangamka vibaya, mchangamko wa nyumba yenye mgonjwa. Katika vichochoro vile ambavyo watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani, bendera ya Mfaransa ilikuwa imening'inizwa kwenye madirisha. Walimu walikuwa hawajalipwa miezi mingi, hospitali haina dawa, na watu walisema bora arudi aliyetutawala kuliko kutawaliwa na Moroni. Mpaka leo sijui niseme nini juu ya hilo. Baba bendera ile ilimtia haya, lakini njaa ya wanafunzi wake nayo aliiona.

Neno kuona nalitumia tu. Macho yake yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, anaona mwanga na kivuli basi. Na uani kwake, juu ya mikeka aliyofundishia watoto, walikuwa wamekaa vijana. Walijiita Watu wa Wino.

Ilianza na mmoja aliyekuja kuomba hirizi, maana alikuwa akilinda barabara ya bandarini na bunduki kuukuu ya kugombania na wenzake. Baba alimsomea kwa kichwa, mwanafunzi mkubwa akaandika. Kisha akaja rafiki yake, kisha rafiki wa rafiki. Baba aliwawekea masharti matatu: wasichukue cha mtu, wasimdhuru aliyeinua mikono, wasiache sala. Vijana ni vijana, wakaongeza yao. Mtu wa Wino hapiti juu ya kalamu. Mtu wa Wino hali chakula kilichoonjwa na mwingine. Mtu wa Wino akiwa na maandishi mwilini hainami mbele ya risasi, kwa sababu kuinama ni kuyatilia shaka, na ukiyatilia shaka yanakuhama. Walikuwa na namna yao ya kusalimiana, wanagusa kwapa la kushoto ambapo hirizi huvaliwa. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameketi katikati yao, na ndevu zake chache zile, mwana wa fundi mwenyewe.

"Tunaondoka kesho," nikamwambia.

"Dada, shikamoo kwanza."

"Usinichezee. Mzigo wako uko wapi?"

Akanichukua mkono akaubusu, kama alivyofanya tangu mdogo akitaka kunilainisha. "Majunga tulikimbia," akasema. "Tukaletwa hapa. Sasa na hapa tukimbie twende wapi, dada? Volo Volo? Huko nako si wanakutukana?"

Nilimlilia, nikamtukana, nikamwekea mama yetu mbele. Wapi. Nilikaa siku tano namwandama, na siku ya tano ikawa Ijumaa, watu wametoka msikitini na habari kwamba meli ya askari imekwisha ondoka Moroni.

Uani pakajaa. Yule mwanafunzi mkubwa aliyekuwa akiandika hakuonekana, mama yake alikuwa amemficha shamba, na leo nasema alifanya vyema. Vijana kumi na tisa walikuwa bado hawajaandikiwa. Baba akageuza uso upande wangu, akaniita mbele ya wote: "Mwanangu, njoo uwe mkono wangu."

Nilikuwa siku yangu ya pili. Kila mtoto aliyekaa chuo cha Kurani anajua kwamba maandishi yale, yenye maneno ya Mungu ndani, hayashikwi ila na mtu mwenye udhu. Yakiandikwa na asiye safi hayafi tu, husemwa kwamba humgeukia aliyeyavaa. Nilijua. Ningesema nini, pale mbele ya vijana kumi na tisa na baba zao mlangoni? Hakuna mwanamke wa kwetu anayelitamka hilo mbele ya wanaume, hata kwa fumbo. Ningeweza kusema naumwa kichwa. Ningeweza kudondosha wino. Nimeyafikiria yote tangu hapo, hila ishirini, na kila moja ingefaa. Siku ile nilinawa mikono mara tatu, nikakaa.

Zafarani iliyolowekwa katika marashi hutoa wino wa rangi ya machungwa, na harufu yake mpaka leo ikinipata nahama nilipokaa. Baba alisoma, mimi niliandika kutoka kulia. Kila kijana alikuja akapiga magoti, akataja jina lake na jina la mama yake, maana hirizi haimjui mtu kwa baba yake, humjua kwa tumbo lililomzaa. Wengine walitaja majina ya mama zao kwa aibu, wanacheka kidogo. Karatasi inakunjwa mara saba, inatiwa katika ngozi, inashonwa. Na sahani inaandikwa vilevile, wino unaoshwa kwa maji, kijana anayanywa yale maji mpaka tone la mwisho.

Wa mwisho alikuwa yeye. Alipiga magoti, akataja jina lake, akaishia hapo. Alikuwa hajui namna ya kulitamka jina la mama; nyumbani kwetu halikutajwa tangu Majunga. Nikaliandika bila kuambiwa. Herufi zikaenda mrama, nikaichana ile karatasi nikaanza upya. Hata wakati ule ningeweza kusimama. Lakini nilikuwa nimekwisha waandikia kumi na wanane, watoto wa watu. Ningesimama sasa kwa sababu huyu ni wangu?

Kabla hawajatoka, kijana mmoja mfupi, mwoga kidogo, alimuuliza baba mbele ya kila mtu: "Fundi, na risasi zikija, tuiname au tusiiname?"

Mlangoni watu wakanyoosha shingo. Baba alikaa, mikono juu ya magoti, midomo inamcheza. Hakujibu. Wenyewe wakaupokea ule ukimya kama jibu, wakagusa makwapa yao, wakaondoka.

Askari waliposhuka, mapigano yalikuwa mjini kwetu kwa siku chache, na mwisho wake waliokuja walirudishwa. Watu waliimba. Mimi sikuimba. Mdogo wangu aliletwa mchana juu ya mlango uliong'olewa, kwa sababu majeneza hayakutosha, na vichochoro ni vyembamba mno, ikabidi wabebaji wamwinue juu ya vichwa vyao. Wale wengine kumi na wanane walikuwa hai. Wote. Mmoja alikatika kidole.

Yule mfupi ndiye aliyenieleza. Walikuwa kwenye kona ya barabara juu ya bandari, risasi zikaanza, wote wakajilaza chini bila kuambizana. Mdogo wangu akabaki kasimama. Wakamvuta nguo, lala, lala! Akawaambia, hatuinami, au mmesahau? Nilimshika yule kijana mabega nikamtikisa: nyinyi mliwezaje kulala, na yeye asiweze? Akalia. "Dada," akasema, "sisi zetu zilikuwa za fundi. Yake ilikuwa ya baba yake."

Nilirudi Moroni kabla arubaini haijaisha. Sokoni nilimkuta mwenzangu wa meza ya jirani kavaa nyeupe ya kufiwa, nikajua. Mwanawe alikuwa kwenye ile meli. "Naye alivaa," akaniambia, akijigusa chini ya kwapa. "Nilimpeleka mwenyewe kwa mwalimu, hapo hapo Magoudjou." Tulikaa pamoja siku ile hatukufunua meza zetu. Hatukuulizana nani alimpiga nani.

Miaka ikapita. Sikuandika tena, si hirizi wala sahani. Wanawake walionijua mkono walinijia, nikawafukuza kwa maneno makali, wakasema nina kiburi. Nilikuwa nasali, nafunga, natoa sadaka, na kila mwezi siku zangu zikifika nafunga mlango wa chumba nalia. Mume wangu alidhani nalilia kukosa mtoto.

Baba akazeeka, nikamleta kwangu Magoudjou. Macho hayaoni hata mwanga sasa, lakini masikio ya paka. Alasiri moja, nje wauzaji wa mihogo wanapiga kelele, nilikuwa namkata kucha. Sijui kwa nini siku ile. Nikamwambia tu, bila kuinua uso: "Baba, mimi ndiye niliyemuua. Niliandika nami sina udhu. Nilikuwa sisali wiki ile."

Hakutoa mguu wake mkononi mwangu. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku mbili ulikuwa husimami nyuma yangu kwenye sala. Kipofu huhesabu nyayo, mwanangu. Nilijua, nikakuita hivyo hivyo."

"Ukaniita!" Mkasi ulinianguka.

"Karatasi haizuii risasi," akasema. "Haikuzuia Majunga. Nilimwandikia mama yako kwa mkono wangu, nina udhu kamili, Ijumaa. Nilikuwa nawapa wale vijana kitu cha kushika, wasitetemeke. Basi. Usijibebeshe. Mkono wako haukuwa na kosa lolote."

Kwanza ilikuwa raha. Wallahi, nilihisi mwili mzima unalegea, kama mtu aliyetuliwa gunia. Na raha ile haijafika miguuni, hasira ikanipanda. Nilisimama. Simjui binti anayesema na baba yake kama nilivyosema mimi siku ile, na Mungu anisamehe.

"Ulijua ni karatasi tupu, na yule mtoto akakuuliza! Tuiname au tusiiname? Alikuuliza mbele ya mwanao! Neno moja tu, baba! Ungesema neno moja!"

"Uani palijaa watu," akasema. "Baba zao walikuwa mlangoni. Nikisema wainame, ni kusema niliyowapa ni bure. Niliona haya."

Haya. Ile ile yangu. Tulikuwa wawili uani pale, kila mmoja na lake mdomoni, na katikati yetu alipiga magoti mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Majunga.

Nilitaka kutoka nje. Nilifika mlangoni. Nyuma yangu baba alikuwa ameinua mkono, anapapasa hewani mbele ya kiti, chini, pale ambapo kichwa cha kijana aliyepiga magoti kingekuwa. Aliupata utupu, akauweka mkono juu yake kama mtu anayebonyeza taratibu.

"Inama," akasema. "Inama, mwanangu. Inama."