Ushuhuda wangu wa ndengu, na yule "mama mmoja" niliyemwacha bila jina

Wakuu, na wajukuu wote mlio humu, Bwana asifiwe. Nimeona mnaulizana kama ni lazima mkristo atoe ushuhuda mbele ya watu. Mimi nilitoa wangu miaka mingi. Nitawaambia vile ilikuwa, hata pale panaponiaibisha.

Siku ile ya convention, ule mkutano mkubwa wa kanisa huko Kathonzweni, tulikuwa hawa:

Mimi, bibi ya mzee Kimanzi, nimetoka upande wa Kwa Vonza.

Pasta Mutiso wa kanisa letu, ndiye alinipeleka.

Beth Kavata, rafiki yangu wa fellowship. Tuliokoka wiki moja.

Na Mwikali. Huyu aliwahi kuwa bibi ya Musyoka, mdogo wa mzee wangu. Mimi na yeye tulipika boma moja miaka minne. Sikujua yuko hapo.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Miaka ya sitini, mama mkwe wetu, Syombua, tuliyemwita Mwaitu, yaani mama, alikuwa anaweka mbegu ya ndengu, wengine mnaita choroko, kwa kibuyu, juu ya moto, isiliwe na wadudu. Ilikuwa ya kungoja mvua. Hakuna mtu wa kugusa.

Njaa ikaingia. Mtoto wangu Kioko alikuwa analia mpaka sauti inaisha. Nikaanza kuchota. Leo ngumi moja, kesho ngumi moja.

Mvua ikanyesha. Mwaitu Syombua akateremsha kibuyu, akakuta kimebaki robo.

Mwikali ndiye alikuwa anafagia hiyo nyumba kila asubuhi. Akashikwa yeye. Mwaitu alisimama mlangoni akapiga kelele majirani wasikie: "Mwizi! Umekula shamba letu lote!"

Mwikali aliapa. Akalia. Mimi nilikuwa hapo, nimebeba Kioko, nikanyamaza.

Akarudi kwao Kathonzweni na msichana wake Ndinda mgongoni. Musyoka alikuwa Mombasa kazini. Aliporudi akaambiwa habari ya mwizi, basi hakumfuata. Akaoa Nduku.

Mimi nikaokoka miaka ya sabini.

Sasa, vijana hamjui. Wakati ule usipotoa ushuhuda watu wanasema wokovu wako una shaka. Na ushuhuda ulikuwa na njia yake: unasalimia, unasema ulivyokuwa, unasema Bwana alivyokutoa, unaketi, wimbo unaanza.

Karibu na nyumbani nilisema tu, "Nilikuwa mwizi." Mwaitu hakuwa mtu wa kanisa, kwa hivyo haikumfikia. Lakini kadiri nilivyoenda mbali, ndivyo ndengu zilivyotoka. Kule mjini Wote nilisema kibuyu. Mbele zaidi nikasema ngumi. Watu wakalia, wakapiga makofi.

Beth alikuwa ananicheka. "Wako una nyama! Mimi nitasema nini? Nilisengenya watu kisimani? Nani atalia?"

Hata Pasta akawa ananiita Mama Ndengu.

Mwikali nilikuwa namweka ndani pia, lakini nasema "mama mmoja akalaumiwa kwa ajili yangu." Nilidhani hiyo ni heshima, kumfichia jina.

Sasa ile convention, miaka ya themanini. Nimesema yote. Nimeketi. Wimbo umeanza. Mama mmoja akasimama viti vya nyuma, wimbo ukakufa pole pole.

"Bwana asifiwe," akasema. "Huyo mama mmoja ni mimi. Naitwa Mwikali. Huyu anasema Mungu amemsamehe, na mimi sikatai. Lakini mimi hajaniuliza."

Akaketi.

Aiya! Mbele ya mamia ya watu! Pasta akaanzisha wimbo mwingine haraka haraka.

Nilimfuata nje, kwa masufuria ya chakula. Nikapiga magoti. "Mwikali, nisamehe."

"Simama, utachafua leso," akaniambia. "Mimi hapa sikuitwa mwizi. Niliitwa mwizi kwa mlango wa Mwaitu Syombua. Nenda ukasemee huko, na useme na jina."

Nilirudi nyumbani nikakaa wiki tatu bila kusema. Mbele ya mamia nilikuwa na mdomo. Mbele ya mama mkwe mmoja sikuwa nao.

Mwishowe nikasema, mlangoni pale pale, Nduku akisikia, na majirani wawili niliowaita.

Mwaitu alikuwa amezeeka, macho yamepungua. Akasema, "Miaka yote hii nimekula chakula kwa mkono wako." Halafu, "Na watu wa Kathonzweni wamejua kabla yangu?"

Alikaa mwezi mzima akila kwa Nduku.

Lakini alituma wazee wawili na Musyoka, wakapeleka mbuzi kwa kina Mwikali, waseme mbele ya ndugu zake kwamba hakuiba. Waliporudi nilimngojea mzee Nzioka njiani, alikuwa mmoja wao. Nikamuuliza Mwikali amesemaje.

"Amepokea. Ametupikia chai. Kurudi hawezi, ana maisha yake. Ndinda amekuwa mtu mzima, alikaa hapo akasikia jina la mama yake likisafishwa."

"Na mimi je? Amenitumia neno gani?"

Mzee Nzioka akanitazama. "Hakukutaja."

Mpaka leo.

Nimechoka wakuu, siwezi kuandika sana. Nilichojifunza ni hiki: kabla hujasimama kanisani, anza kwa mlango wa yule uliyemkosea. Mungu atakungojea, haendi mahali. Mwenye maoni aseme, hata ya kunikaripia nitasoma.

Na kama kuna mtu wa Kathonzweni alikuwa hapo siku ile, au ni wa nyumba ya Ndinda, nirekebishe nilipokosea. Majina nina hakika nayo. Maneno ya Mwikali nimeandika vile nayasikia mpaka sasa, lakini pengine alisema zaidi na mimi nikasahau.