Chokaa ya Gati la Pigeon Landing

Saa moja asubuhi, Jumatano, Prestwell Moncur amesimama ndani ya maji ya kiuno, suruali imelowa, kofia ya ukili kichwani, akiisubiri kamba. Meli ya barua kutoka Nassau imepunguza mwendo. Baharia anaizungusha kamba mara mbili na kuitupa. Mzee anaidaka kwa mkono mmoja, anaivuta mpaka ufukweni na kuifunga kwenye shina la mvinje.

"Umezeeka, Pres," nahodha Osric Thurston anamwambia kutoka juu. "Zamani ulikuwa unadaka ukiwa mkavu."

"Zamani ulikuwa na mahali pa kuegesha," Prestwell anajibu, na wote wawili wanaangalia upande mwingine.

Gati la Pigeon Landing, hapa kisiwani Cat Island, lilikuwa refu la kuchosha watoto. Leo limebaki kipande kifupi kilichoinama. Meli huja maji yakijaa tu, ikaelekeza pua ufukweni, na mizigo ikashushwa kwa boti ndogo: mitungi ya gesi, unga, dawa za presha za wazee. Wakati wa kurudi hupakia vitunguu, nyanya na mbuzi wetu.

Prestwell ana miaka sitini na tisa. Amedaka kamba tangu akiwa na kumi na saba, na kabla yake alidaka baba yake, Hezlon. Malipo ni dola sabini kwa kila meli, na meli ni moja kwa wiki. Hilo halimsumbui. Kinachomkosesha usingizi ni maneno aliyoambiwa na nahodha mwezi wa pili: Jumatatu ya Ukombozi ya Agosti ikipita bila mahali pa kufunga meli, hatakuja tena. Gati lingine liko maili kumi na nane, na wengi wa watu mia moja na kumi na wawili waliobaki hapa hawana gari.

Ukimuuliza kuhusu gati, haanzi na serikali. Anaanza na mwaka 1962.

"Hakukuwa na mkandarasi," anasema, akikamua suruali. "Wanaume walivunja mawe. Akina mama wakayabeba kichwani, wanaimba, huku wanatusema sisi watoto. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikabeba mchanga kwa debe la mafuta ya nguruwe. Chokaa tulichoma wenyewe. Magamba ya kome, magogo chini, moto siku mbili. Harufu ile naisikia mpaka leo."

Siku ya mwisho, kona ya mbele kabisa ikiwa bado mbichi, Hezlon alivua viatu akaikanyaga. Unyayo ukabaki. Kwa miaka mingi Prestwell aliweka mguu wake humo kila alipodaka kamba. "Baba alikuwa na mguu mkubwa," anasema. "Mimi nilikuwa naogelea mle ndani."

Miaka kumi na moja iliyopita kimbunga kilitoboa gati. Tundu lenyewe lilikuwa la ukubwa wa meza ya chakula. Jumamosi iliyofuata watu kumi na tisa walikuja na sepetu, mawe na chokaa, kama walivyofanya baba zao. Kazi ilikuwa ya kumalizika kabla ya chakula cha mchana.

Akatokea bwana mmoja kutoka mjini, amevaa tai kwenye jua lile. Akawaambia mkataba umeshatiwa saini, dola milioni moja na laki mbili, gati jipya la zege lenye taa. Lakini wasiguse tundu. Wakiliziba, mkaguzi ataandika kwamba gati ni zima, na fedha zitakwenda kisiwa kingine.

Watu walisitasita. Aliyewashawishi alikuwa Prestwell.

"Mimi ndiye niliyewaambia waweke sepetu chini," anasema. "Si yule mwenye tai. Yeye walikuwa hawamjui. Mimi walinijua, wakaniamini."

Mkewe, Bi Oralee, anasuka ukili kwenye ngazi ya nyumba yao, hapo hapo ufukweni, na hamwachii hivi hivi. "Siku ile alijiona katibu wa wizara. Alirudi nyumbani akataka kula mezani, na kitambaa kifuani."

"Oralee, mama, mwandishi anaandika."

"Aandike. Na wali wa mbaazi aliumaliza wote."

Mheshimiwa alikuja kuzindua. Palikuwa na hema, kuku wa kukaanga, na sepetu iliyopakwa rangi ya fedha. Mkandarasi hatumjui kwa jina, ila shemeji yake tunamjua vizuri, maana picha yake ilikuwa kwenye kila nguzo wakati wa uchaguzi wa mwaka ule. Mkandarasi huyo alileta rundo la mchanga na trekta moja. Trekta lilikaa miezi minne bila kuwashwa, kisha likaondoka kwa meli hii hii ya barua.

"Nami ndiye niliyelifungulia kamba," Prestwell anasema.

Tangu hapo wapima ardhi wamekuja mara nne, kila mara kura zikikaribia. Vigingi vyao Prestwell amevikusanya. Viwili vinashikilia nyanya zake, viwili anafungia mbuzi. Bango la mradi, lenye mchoro wa gati na taa zake, limekuwa paa la banda la kuku. Oktoba iliyopita mawimbi yaliikata kona ya mbele, na unyayo wa Hezlon ukaenda nayo. Bi Oralee anasema mumewe hakula siku mbili, hata hotuba hakutoa.

Baada ya onyo la nahodha, Prestwell alivaa shati la kanisani akapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango aliomba vitu viwili: msamaha, na magamba ya kome. Nyuma ya kila jiko hapa kuna kilima cha magamba hayo. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Idamae Zonicle, mwenye miaka themanini na minne, mmoja wa watu watatu waliobaki wanaojua kupanga tanuri la chokaa.

"Umechelewa miaka kumi na moja, mwanangu," alimwambia. "Ila magamba hayaozi. Chukua, na uniletee kiti. Nitakaa pale niwaelekeze, maana mtaharibu."

Sasa tanuri limepangwa ufukweni, magogo chini, magamba juu, urefu wa mtu. Wiki tatu zilizopita meli ilileta barua ya serikali: kazi isimame, hakuna kibali.

"Nimewaandikia mara kumi na nne," Prestwell anasema. "Sijajibiwa hata neno. Nimepanga magamba, hata kiberiti sijawasha, wamejibu kwa siku tisa."

Atawasha Jumatatu ya Pentekoste. Ninamuuliza kama haogopi polisi. Anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Polisi wetu ni mmoja, koplo, na ameshaleta toroli mbili za magamba ya mama yake. Hawajengi gati lote, Prestwell anaeleza. Wanataka kipande cha kutosha meli moja na kona moja ya kusimama mdaka kamba.

Na kona hiyo ikiwa mbichi, ataikanyaga kama baba yake?

Anatikisa kichwa. Kati ya wale kumi na tisa wa Jumamosi ile, saba wamekufa na watano wamehamia Nassau. Waliobaki ameshaongea nao. Watakanyaga wao kwanza, kisha jamaa wa waliokufa.

"Mimi nitakuwa wa mwisho," anasema. "Kama nafasi itabaki."

Bi Oralee hainui macho kwenye ukili wake. "Itabaki," anasema. "Nitakushikia viatu."