Injinia wa Vyoo Achora Kimbilio

Kwa miaka ishirini na miwili nimechora ramani za vyoo: vya shule, vya soko, vya vituo vya mabasi. Mtaani wananiita Injinia wa Vyoo, nami huitika. Basi dada yangu mkubwa, anayesimamia kambi ya vijana wakati wa likizo, alinipigia simu. Dhoruba ya mwaka uliopita iling'oa mahema yote, na sasa alitaka kimbilio la vijana mia moja na ishirini.

"Utaweza, mdogo wangu?"

"Dada, hilo tu?" nikajibu, kichwa kimeshavimba.

Wiki tatu nilijifungia na karatasi zangu. Mke wangu akileta chakula, namfukuza kwa mkono, utadhani napanga mji mzima. Nilichora kuta za zege, paa lililofungwa kwa nondo hadi kwenye msingi, na matundu ya hewa upande usiopigwa na upepo. Hayo yalikuwa sawasawa, sitajidhulumu.

Siku ya kuonyesha ramani tulikutana kwenye bwalo la kambi. Nilihutubu nusu saa nzima, kwa maneno makubwa ambayo mengine hata mimi sikuyaelewa. Mpishi wa kambi, wanayemwita Mama Sufuria, alikuwa akifuta meza. Akasogea.

"Samahani, baba. Kila mtoto umempa nafasi gani?"

"Sentimita arobaini kwa arobaini."

"Na dhoruba huchukua muda gani?"

"Hata saa tatu."

"Watasimama saa zote hizo?"

Nikakohoa. Dada alichukua chaki, akachora mraba wa arobaini kwa arobaini sakafuni, akaniambia, "Kaa."

Nikakaa. Makalio yalijaa mraba yakamwagika, na miguu ikaenda zake kwa jirani wa jirani. Nafasi ile nilikuwa nimeizoea kwa watu wa foleni ya choo! Mama Sufuria alicheka mpaka akashikilia meza. Alipopata pumzi akauliza kwa upole, "Na choo kiko wapi humo ndani?"

Nikaitazama ramani. Nikaigeuza. Hakikuwapo.

Nilirudi mezani nimenywea, safari hii Mama Sufuria ameketi kando yangu. Tulipanua ukumbi, tukaweka mabenchi, mapipa ya maji na vyoo vinne. Ujenzi ukaisha kabla ya likizo.

Dhoruba ilikuja Jumamosi mchana, nilipokuwa kambini kurekebisha komeo la mlango. Kengele ikalia. Utaratibu unajulikana: wadogo kwanza, wakubwa mwisho. Lakini upepo ulipochukua hema la kwanza, mguu niponye! Dada alipomaliza kuita majina mlangoni na kuingia, alinikuta kwenye benchi la kona, nimekumbatia pipa la maji.

"Wewe uliingia saa ngapi?"

"Nilikuwa nakagua."

Kuta zilinguruma, paa halikutikisika. Msichana aliyeketi karibu nami akaniuliza, "Mjomba, jengo hili ni imara kweli?"

"Imara sana. Mimi ndiye niliyelichora."

"Mbona basi unatetemeka?"

Akanishika mkono, akaniambia nihesabu naye mpaka mia. Tulihesabu mara nyingi. Upepo ulipotulia tukatoka wote wazima. Mahema kumi na moja yalikuwa yamekwenda, na Mama Sufuria alikuwa tayari anatafuta kuni kavu.