Uji Ufike Getini Ukiwa Moto

Miaka ya sabini nyapara wa kiwanda cha chai huku Nyamira aliniambia, "Ukichelewa tena, rudi kwenu ukapalilie ndizi." Nikaamua tuhamie karibu. Mimi niliacha shule kabla hatujafika kwa hesabu ya vipimo, kwa hivyo nyumba nilichagua na macho: ukisimama mlangoni unaona bomba la moshi la kiwanda.

Mke wangu alinicheka. "Baba watoto, wewe ngoja kwa geti ya kiwanda. Nitapika uji huko kwa hiyo nyumba, nikuletee na mguu. Ukifika moto, tunahamia."

Alifika na matope mpaka magoti, maana katikati kuna mto na milima mbili. Uji ulikuwa baridi kama maji ya mvua.

"Hiyo nyumba macho inaijua," akasema, "lakini miguu haiijui."

Siku iliyofuata alipika uji kwa nyumba ingine, nyuma ya soko, kando ya barabara. Huko bomba huoni kabisa. Nikapiga funda kubwa kwa madharau, nikaungua ulimi mpaka machozi.

Tulihamia hapo Jumapili. Wiki nzima sikusikia ladha ya chakula, lakini kazi ilibaki yangu.