Maji ya Rima

Kabla sijaona chochote katika nyumba ile ya Riyadh, nilisikia mvuke. Fssss! Nikadhani nimerudishwa kwetu Naivasha, ambako ardhi yenyewe hupumua. Kumbe ni sufuria ya presha. Madam, mwenye nyumba, alinikuta mlangoni nikitabasamu peke yangu.

"Yalla, ingia! Kazi ndiyo hiyo inakuita."

Mnaoniuliza leo tulivyofanya kazi za nyumbani Uarabuni, haya ndiyo yangu. Nilipika kabsa, wali wa viungo na nyama. Nilipiga pasi thobe, kanzu nyeupe za wanaume, kola zikakakamaa kwa wanga. Kafili wangu, yaani mdhamini aliyenishughulikia ikama, kibali cha kuishi, alikuwa Baba, mume wa madam. Maneno machache, haki nyingi.

Binti yao, Rima, alichaguliwa chuoni kwenda Nyuzilandi kujifunza ardhi ya mvuke na mila za Wamaori, wenyeji wa huko. Furaha ilimnyima usingizi. Lakini Baba alisema, "Mama yangu akikubali, nimekubali. Akikataa, halas, yameisha."

Kwa Wamaori, mgeni hutaja mlima wake na maji yake kwanza, jina baadaye. Rima akaja kufanyia mazoezi jikoni.

"Anti, anza wewe."

"Mlima wangu ni Longonot. Maji yangu ni Ziwa Naivasha. Mimi ni Wambui."

"Mlima wangu..." Akachungulia dirishani, akaona ukuta wa jirani. "Mlima mafi, hakuna! Maji mafi! Nitaje huu mfereji wa jikoni?"

Tulicheka mpaka madam akaja kuuliza kimeungua nini.

Tukasafiri wote hadi Jeddah, mtaa wa Ruwais, kwa Bibi, mama yake Baba. Aliposikia habari alitua kikombe.

"Ardhi inachemka kama chungu, nanyi mnampeleka mtoto? La."

Rima akaanza kulia. Bibi akanigeukia. "Wewe nasikia umezaliwa kwenye moto kama huo. Watu hawaungui?"

"Tunaishi, Bibi. Hata mbuzi wetu hulala penye joto."

"Na mama yako alikuachiliaje uje mbali hivi?"

"Alinitoa nje, akafunga mlango kabla sijafika langoni. Alisema mlango ukibaki wazi, msafiri huacha moyo nyumbani."

Bibi akageuka kuutazama mlango wake. Rima akafuta machozi. "Bibi, wakiniuliza maji yangu, niseme nini?"

"Huna maji, wewe?" Bibi alikasirika kwelikweli. "Sema bahari ya Ruwais! Babu yako mvuvi kaimeza na kuitapika miaka yote. Mlima muulize mama yako, watu wa Riyadh hujivunia milima yao ya Tuwaiq. Na useme kwa sauti, usiniaibishe huko!"

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nimestaafu sasa. Wako wenzangu waliorudi na makovu, siwasahau. Mimi nilijaliwa watu walioniuliza nilikotoka, wakangoja jibu. Kila ardhi ya kwetu inapopumua nashukuru, na namwona Bibi asubuhi ile ya safari, amekuja Riyadh na fimbo yake. Rima alivuka kizingiti na sanduku. Madam akataka kumfuata. Bibi akamshika mkono. Kisha, mjukuu wake hajafika langoni, akauegemea mlango kwa viganja vyote viwili, akaufunga.