Jumamosi Sosaia Aliponyamaza Jukwaani

Hapa Nuku'alofa, visiwani Tonga, bado wapo wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Sosaia, alipanda jukwaani Jumamosi ile akiwa amelewa kava. Hakuwa amelewa. Mchana ule nilimfunga mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, kwa mikono yangu, uso wake ukiwa karibu na wangu.

Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia la sinema na kutusimulia filamu za ng'ambo kwa Kitonga, akiigiza sauti zote. Watu walitaka za farasi na bastola. Yeye alimpenda mwongozaji mmoja wa Japani, ambaye wahusika wake hunywa chai na kuficha machozi. Dada yake, Lupe, alimpenda huyohuyo. Lakini kwetu kaka na dada hawatazami filamu pamoja, wala maneno ya mapenzi hayatamkwi wakiwapo wote wawili. Lupe alikwenda siku za msimuliaji mwingine, mtu asiye na ladha, na kwa miaka kumi na mmoja nikawa mjumbe wao.

"Mjapani anaweka kamera chini, kama mtu aliyekaa mkekani," Lupe alikuwa akisema huku akimenya viazi vikuu. "Muulize kaka kama ameliona hilo."

Sosaia alikuwa akicheka. "Mwambie nililiona kabla yake."

Lupe alipougua, na daktari akaacha kutaja dawa, aliniomba jambo moja: amsikie Sosaia akiisimulia filamu ile ya mke anayemuaga mumewe stesheni.

"Wifi, hata wauza samaki wanaisifu sauti yake ya jukwaani," alisema. "Mimi dada yake ndiye nisiyewahi kuisikia."

Ilinipasa kukataa. Badala yake nilimfunika shuka, nikamketisha safu ya nyuma, nikidhani giza la ukumbi lingetosha kumficha.

Sosaia alisimulia vizuri mpaka stesheni. Hapo Lupe akakohoa, na kikohozi kile kaka yake alikijua. Akanyamaza. Kwenye pazia midomo ya yule mke iliendelea kuchezacheza bila maneno.

"Sosaia, huyo mama anasema nini?" mtu akauliza. "Au na wewe ndiyo kwanza unamwona?"

"Mwacheni, kava imempanda kichwani," mwingine akadakia, na ukumbi ukaangua kicheko. Uvumi ulianzia hapo.

Kwetu dada ana cheo juu ya kaka yake. Lupe angeweza kumwamuru aseme. Alininong'oneza tu, "Nitoe, wifi. Namwaibisha."

Tulipofika barabarani, kicheko kilikuwa kimekoma. Sosaia alikuwa ameanza tena. Sauti yake ilitufikia, maneno hayakufika. Lupe akasimama, akanishika mkono.

"Anasema nini?"

Nilimsimulia mimi, kwa sauti yangu hii ya mwalimu wa hesabu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akashukuru. Jumatano akafariki.

Sosaia hakuisimulia tena filamu ile. Wala hakuniuliza kamwe kama dada yake alimsikia.