Ukuta Aliokandika Babu

Juzi nilikuwa nachora Milima ya Uluguru, nikipaka udongo mwekundu juu ya rangi na kuukwangua kwa kisu. Mkono ulichoka, nikaketi, na alasiri ile ya utotoni ikanijia.

Lori lilikuja kutuhamishia kijiji kipya cha ujamaa, kule tambarare. Lilinuka dizeli na majani ya migomba yaliyopondwa. Nilifurahi, maana sikuwahi kupanda gari. Mama alipakia vyungu. Bibi nilimkuta ndani, anakwangua ukuta kwa kucha, udongo ukimwagikia kwenye kanga yake.

"Bibi, unasafisha nini? Si tunahama?"

"Nachukua kidogo, mjukuu wangu. Babu yako ndiye aliyeukandika."

Nilidhani anataka kula ule udongo, kama wajawazito. Nikacheka. Leo najua alikuwa anambeba mumewe, tuliyemwacha kaburini nyuma ya nyumba.

Mgambo akachungulia mlangoni. "Shikamoo, bibi. Gari linasubiri."

 Bibi alifunga udongo ule kwenye pindo la kanga, akatoka.

Lori lilipoteremka mlima nilianza kuimba, nikaimba njia nzima. Hakuna mtu mzima aliyenikataza, wala aliyeitikia. Nilidhani wamechoka tu.